Kutafuta Nasaba katika Hati za Zamani



Msafiri atokaye Dar es Salaam, akifika Chalinze, huona barabara zikiachana: moja yaenda Morogoro, na moja yageuka kaskazini kwendea Tanga na Arusha. Mtu atafutaye nasaba yake naye hufika njia panda kama hiyo, na wengi hushika njia isiyo yao. Basi leo twapenda kuwaeleza watu wa Chalinze, Lugoba, Miono na Bagamoyo mahali zinapowekwa hati za wazee wetu.

Kazi hii huanza nyumbani. Wakwere huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Kwa hiyo mtu ashikaye jina la baba wa babu yake tu, akalitafuta daftarini, amekwisha kupoteza nusu ya habari. Ukiwa na bibi aliye hai, mwulize ukoo wa mama yake, kijiji walikotoka, jumbe wao alikuwa nani, na jina alilokuwa nalo mtu kabla ya ubatizo au jando. Yaandike yote. Ukimwambia mtunza hati kwamba babu yako alikuwa mtu wa Bagamoyo, bila neno jingine, hana la kukusaidia.

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakakusanya watoto na watu wazima waliokombolewa utumwani, wakawajengea kijiji. Mwaka 1881 walifungua misheni ya Mandera, katika nchi ambayo leo ni ya Halmashauri ya Chalinze. Daftari za misheni za ubatizo, ndoa na maziko ndizo hati za kwanza kumtaja mtu mnyonge kwa jina lake. Mwandikie paroko kwa adabu, umtajie miaka unayoidhania. Nyaraka nyingine za Shirika zimo Ufaransa, huko Chevilly-Larue, nazo ni za Kifaransa.

Hapa imetupasa kusema neno moja. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Lakini Bagamoyo wako watu ambao wazee wao hawakuiacha asili, walinyang'anywa. Mtoto alitolewa bara, akaletwa pwani, akapewa jina jipya, na jina la kwao likabaki njiani. Kwa mjukuu wake, mstari mmoja wa daftari wenye jina la kabila au la nchi ni mali kubwa. Ndugu yake huenda alivushwa bahari hata Unguja. Huyo atafutwe katika Nyaraka za Taifa za Zanzibar, Kilimani, miongoni mwa hati zilizofuata amri ya mwaka 1897, wakati mahakama yalipoandika watu walioachwa huru na fidia waliyolipwa mabwana wao.

Faili za Serikali ya Wajerumani, ambayo makao yake yalikuwa Bagamoyo hata mwaka 1891, zimo katika Nyaraka za Taifa, mtaa wa Vijibweni, Upanga, Dar es Salaam. Jihadhari na tahajia: Wajerumani waliandika Bagamojo, na sauti yetu ya "j" waliiandika kwa herufi nne, "dsch". Mtu atafutaye jina Juma katika herufi ya J atarudi mikono mitupu. Tena mwandiko wao wa zamani ni mgumu hata kwa Mjerumani wa leo. Nyaraka nyingine za utawala huo zimo Berlin.

Waingereza nao waliacha vitabu vya wilaya, ambamo maofisa waliandika habari za makabila na majumbe. Wasome kwa hadhari, kwani aliyeulizwa mara nyingi alikuwa jumbe mwenyewe, na jumbe hakosi kuukuza ukoo wake. Barua zao kwa London zimo Kew, Uingereza.

Vyeti vya kuzaliwa na kufa vyatunzwa na RITA, lakini usitumaini kumpata humo babu aliyezaliwa kijijini zamani, kwa maana kwa miaka mingi sheria haikuwalazimisha Waafrika kuandikishwa.

Aendaye Upanga na aombe kwanza ruhusa ya kusoma. Achukue penseli, kalamu ya wino aiache nyumbani, wala asiahidi kurudi Chalinze jioni ile ile.