Mbona Mnalala Mtoni?



Miaka kadhaa iliyopita nilisafiri na wenzangu wawili kutoka Isiolo kwenda Garba Tula. Giza likatukuta njiani. Tukaona mahali pazuri pa kulala: mchanga mweupe, laini, mpana kuliko barabara, wala hapakuwa na tone la maji. Tulipokuwa tukitandika, akapita mzee mmoja Mborana na ngamia wake. Akatusalimu, kisha akauliza, "Wanangu, mbona mnalala mtoni?"

Tukacheka. Mto gani huu, mzee? Yeye hakucheka. Alisema tu, "Hii ni laga," akasimama pale mpaka tulipopandisha mizigo yote juu ya ukingo.

Neno hili laga husikika sana kaskazini ya Kenya. Sisi tunaotoka nchi za mvua hudhani maana yake ni korongo kavu. Waingereza nao waliliandika "lugga", wakimaanisha mto mkavu wa mchanga. Lakini neno lenyewe ni la Kioromo, ambacho Waborana husema, na maana yake ni mto, basi. Huko Ethiopia, kwenye nyanda za juu, hata mto unaotiririka mwaka mzima ni laga. Mji wa Legetafo karibu na Addis Ababa unalo neno hilo katika jina lake. Mborana haubadilishii mto jina kwa sababu umekauka. Yeye huchimba mchangani wakati wa kiangazi akanywesha mifugo yake. Tena anajua maji yatarudi. Ewaso Nyiro huishia katika kinamasi cha Lorian, lakini mafuriko yakizidi, maji huendelea kwa Laga Dera hata kuingia Somalia.

Katika chuo cha theolojia nilijifunza Kiebrania kidogo (kidogo kweli!), nikakutana na neno nahali. Wafasiri wetu walipata kazi. Eshkoli, kulikokatwa kishada cha zabibu, wameandika bonde. Kerithi, alikojificha Eliya hata maji yakakauka, ni kijito. Kishoni, uliochukua jeshi la Sisera, ni mto. Kwa Kiebrania zote tatu ni nahali. Nadhani Mborana angetosheka na neno lake moja.

Ayubu aliwafananisha rafiki zake na vijito vya namna hii (Ayubu 6): misafara huviendea kwa matumaini, ikafika na kukuta vimekauka. Hayo nilikuwa nimeyahubiri mara nyingi. Habari za Kishoni nilikuwa nazisoma tu.

Usiku ule, kabla ya alfajiri, tuliamshwa na ngurumo. Tukatazama juu: nyota tupu, hakuna wingu. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, upande wa milima ya Nyambene. Maji mekundu yenye magogo yakapita palepale tulipokuwa tumetandika.

Kulipopambazuka mzee alirudi na ngamia wake, akatuuliza kama tumelala vema.