Kata ya Stesheni ipo, treni haipo

(Maneno niliyosema kwenye kikao cha vijana, Nachingwea)

Makamanda, nitaongea kifupi, jua lenyewe mnaliona.

Hapa Nachingwea tuna kata inaitwa Stesheni. Wadogo zetu wanadhani ni jina tu. Si jina tu, treni ilifika hapa kweli.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Ikaleta mradi wa karanga Kongwa, Urambo na hapa kwetu. Reli ya kusini ilianzia Mkwaya, karibu na Lindi, mwaka 1949, baadaye ikaunganishwa na Mtwara, ambako bandari ilikuwa inajengwa kwa ajili ya karanga hizohizo. Januari 1951 London ikatangaza kuuacha mradi. Bandari haijaisha! Ilipofunguliwa 1954, mzigo iliyoungoja haupo tena. Reli ikaongezewa tawi la Masasi, ikajikongoja, na mwanzoni mwa miaka ya 1960, uhuru ukiwa bado mchanga, ikafungwa kwa hoja ya hasara. Wakang'oa hadi vyuma.

Wazee wanasema karanga ndiyo iliua reli. Mimi sikubali kabisa. Karanga ilishakufa miaka kumi kabla. Reli ilikufa kwa sababu hesabu yake ilipigwa kwa mzigo mmoja wa wakubwa, mkulima wa hapa hayumo. Na sikilizeni hii: msimu wa 1973/74 nchi ilivuna korosho zaidi ya tani 140,000, nyingi za huku kusini. Reli ya kuzibeba ilishang'olewa.

Sasa tunaahidiwa reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay, na matawi ya Mchuchuma na Liganga. Makaa ya mawe na chuma. Naitaka reli hiyo, tusielewane vibaya. Ila je, kwenye upembuzi yakinifu korosho, ufuta, mbaazi na abiria wamehesabiwa? Vituo vitakuwa wapi?

Hatuhitaji kubahatisha. Ibara ya 18 ya Katiba inatupa haki ya taarifa, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mwenye taarifa siku zisizozidi 30 kujibu ombi la maandishi. Wakikataa, wanatakiwa watoe sababu.

Barua nimeshaiandika, iko kwa katibu pale mezani. Anayesaini aandike majina kamili, si ya Facebook. Jumatatu inaondoka.