Hasira hii ni ya nani? Maneno kwa vijana wa Masisi na Walikale



Tunasalimia waliotoka Nyabiondo, Kitchanga, Sake na Rubaya, na wale wa Kibua, Mpofi, Ntoto mpaka Walikale-centre. Tunajua wengi muko munalala kwa familia za watu, na wengine mulirudi mukakuta nyumba imebaki kuta bila mabati. Siku ya leo tunaongea juu ya yoga na mazoezi ya kutuliza mawazo, na tulisikia pale nyuma mutu akisema: sijakula tangu jana, munaniambia nipumue?

Swali ni la haki, tulijibu mara moja. Kupumua hakuleti unga wa muhogo. Hakuondoi kikundi chochote chenye silaha juu ya kilima. Na mutu anayewaambia vijana wa Kivu kwamba amani itatoka ndani ya roho zao, wakati wakubwa wa inchi wanalala, huyo anatudanganya. Hatukuja kuuza dawa hiyo. Tumekuja na swali: hasira tuliyo nayo, ni ya nani?

Tarehe 20 Machi 1993 watu waliuawa kwenye soko la Ntoto, kule Walikale inapokaribiana na Masisi. Vita ikatoka pale ikaenea Masisi, na maelfu ya watu wakafa miezi iliyofuata. Sisi tunaosimama hapa hatukuwa tumezaliwa. Hata hivyo, taja Ntoto mbele ya vijana wa makabila tofauti, halafu uangalie sura zao. Taya zinakaza. Huyu anakumbuka wafu wa kwao, yule naye wafu wa kwao, na hakuna hata mmoja aliyewaona kwa macho. Tuliirithi hasira kama vile mutu anarithi shamba bila kuulizia mipaka. Hatusemi ni hasira ya uongo. Wafu walikuwa wafu kweli, na haki yao tunaidai. Tunasema hatujaiangalia vizuri, na kuna watu wanaoijua kutushinda.

Wenye kukusanya vijana hawaanzi na bunduki. Wanaanza na ile hasira. Wanaipa jina la kabila, wanaipa wimbo, halafu bunduki inakuja nyuma, na kijana mwenye diploma bila kazi anajikuta kwenye barieri anadai franka kwa mama anayebeba ndizi. Tunawajua vijana hao. Tulisoma nao.

Mukumbuke Masisi-centre ilipoanguka mwanzo wa Januari 2025, na Walikale-centre mwezi wa Machi. Simu zilijaa sauti za watu wasio na jina: kabila fulani wamefanya hivi, wanakuja, jitayarisheni. Ni wangapi walisikiliza mpaka mwisho, moyo unapiga, vidole vinatetemeka, na kabla ya dakika mbili wameshaituma kwa watu hamsini? Pale kati ya kusikia na kutuma kuna nafasi ndogo sana. Mazoezi tunayoongelea ni ya kupanua nafasi hiyo. Basi, ni hayo tu. Lakini ndani ya nafasi hiyo kuna watu wanaopona na watu wanaokufa.

Sasa, yoga ni nini? Wengi wanafikiri ni kujikunja kama nyoka kwenye picha za matajiri. Kwa mafundisho ya zamani ya India, yale yanayoitwa ya Patanjali, njia yake ina sehemu nane, na mikao ya mwili ni sehemu moja tu. Kwenye orodha yake, jambo la kwanza kabisa ni kutodhuru. Wachungaji waliotuuliza kama tunaleta miungu mingine, tuliwajibu hivi: hapa hatuimbi, hatuabudu, tunaangalia pumzi ambayo kila mutu alipewa alipozaliwa. Mwenye kutaka kusema Baba Yetu kimoyomoyo, aseme.

Pia tusijidanganye kwamba mazoezi yenyewe yanamfanya mutu kuwa mwema. Inchi ile ile iliyotoa yoga ilitutumia askari wa MONUSCO, na kambi yao ya Kibua haikuwa mbali na Luvungi, pale ambapo kuanzia tarehe 30 Julai 2010, kwa siku nne, watu zaidi ya 300 walibakwa kwenye vijiji vya barabara ile. Kutulia kisha ukabaki umekaa, hiyo siyo tunayotafuta.

Mufano wetu ni mwingine. James Lawson, Mmarekani mweusi, aliishi India miaka ya 1950 akijifunza njia ya Gandhi. Mwaka 1959, kule Nashville, aliwaweka wanafunzi ndani ya chumba cha kanisa, wenzao wakawatukana, wakawasukuma, ili kila mutu ajue mapema mwili wake unafanya nini ukidharauliwa. Mwaka 1960 walikwenda kukaa kwenye meza za mikahawa iliyokataza weusi. Walipigwa, hawakupiga. Mutu hawezi kujizuia kama hajui hasira yake inaanzia wapi: tumboni, shingoni, mikononi. Sisi tunaotembea barabarani mikono mitupu mbele ya askari, hiyo ni masomo ya lazima kwetu.

Na kuna habari ya hapa kwetu. Mwaka 2013 ulitolewa utafiti uliofanywa kwenye vijiji vya mashariki ya Congo, na wanawake waliobakwa. Walikaa kwa vikundi, mama wengi hawajui kusoma wala kuandika, wakajifunza kwa kichwa namna ya kutenganisha jambo lililotokea, wazo linalofuata, na uchungu unaotoka kwa wazo hilo. Haikuwa yoga, ila ni undugu wake. Miezi sita baada ya masomo, kwenye vikundi hivyo 9 kwa mia walikuwa bado na dalili kali za huzuni ao wasiwasi. Upande wa waliosaidiwa mmoja mmoja bila masomo hayo, walikuwa 42 kwa mia. Waliowafundisha hawakuwa madaktari wakubwa, ni wakongomani wa huko huko. Mutu asituambie basi kwamba kujielewa ni anasa ya wenye kushiba.

Hata luga yetu inalijua jambo hili. Tunasema "niko na mawazo mingi", na kila mutu anaelewa kwamba huyo ni mugonjwa, ingawa hana homa. Ni wazi kwamba wazee wetu walijua wazo linaweza kumkamata mutu.

Tutafanya hivi. Kaa, miguu yote miwili chini. Vuta pumzi polepole kwa pua, itoe polepole zaidi. Usilazimishe kichwa kuwa tupu, hakitakubali. Wazo likija, lipe jina: hii ni woga, hii ni njaa, hii ni kisasi. Kama ni kisasi, ujiulize ulikipata wapi, kwa macho yako ao kwa mdomo wa mutu. Halafu urudi kwa pumzi.

Jambo moja la kuangalia sana. Mwenye kuona damu ao moto akifunga macho, asifunge. Aangalie mulango, ao mikono yake, ao ardhi. Ikizidi, simama utoke inje, hakuna atakayekuuliza, na dada mmoja kati yetu atakufuata usibaki peke yako. Hakuna anayelazimishwa kusimulia yaliyompata.

Dakika tano za kwanza ni za kimya. Baadaye tutakaa wawili wawili, mutu wa Masisi na mutu wa Walikale, na kila mmoja ataambia mwenzake jina moja tu alilolipa wazo lake. Tafadhali zimeni simu.