SIKILIZA KABLA YA KUFUNGUA

Hotuba juu ya sauti za ekseli ya nyuma katika motokaa za kizamani, iliyosomwa mbele ya wanachama



 Mimi si fundi. Kazi yangu ya miaka yote ilikuwa ya kalamu na majalada. Lakini nina Land Rover ya mwaka 1967, nami najua ya kuwa wengi humu mnazo motokaa za umri huo, mlizozinunua mnadani au mlizoachiwa na baba zenu. Basi sikuja kuwafundisha ufundi, bali kuwaeleza kosa lililonigharimu fedha, ili ninyi msilirudie.

Mwaka 2019 nilianza kusikia mvumo nyuma ya gari, mfano wa nyuki mzingani. Nikalipeleka kwa fundi. Hakuliendesha, wala hakuniuliza neno, alilala chini, akaishika propela, akaitikisa, akasema, "Mzee, difu imekwisha." Nikakopa katika mfuko wetu wa akiba, nikanunua difu nyingine iliyokwisha tumika, ikafungwa. Siku ile ile nikarudi barabarani, na mvumo ukawa ule ule. Difu niliyoiondoa ilikuwa nzima, na deni lilinichukua miezi kumi na minne kulilipa.

Mabwana, hakimu hatoi hukumu kabla ya kusikiliza mashahidi. Gari nalo lina mashahidi wake, na kuwasikiliza hakutaki fedha. Lakini kwanza yatupasa kujua kilichomo ndani ya ekseli.

Nguvu ya injini hupita katika propela, nayo huingia katika ekseli kwa gia ndogo iitwayo pinioni. Pinioni huizungusha gia kubwa iitwayo krauni, na krauni hupeleka nguvu magurudumuni kwa shafti mbili, moja kila upande. Katikati ya krauni mna gia nyingine ndogo ndogo, ambazo kazi yake ni kuliruhusu gurudumu la nje kulipita la ndani garini linapokata kona. Gari likienda moja kwa moja, gia hizo ndogo hazisagani. Katika Land Rover nyingi za Series, zilizokoma kuundwa mwaka 1985, pinioni huzunguka mara 4.7 gurudumu linapozunguka mara moja. Ikumbukeni hesabu hiyo, maana itatufaa.

Shahidi wa kwanza ni barabara yenyewe. Endesha kwenye lami laini, kisha kwenye lami iliyokwaruzika, kwa mwendo ule ule. Sauti ikibadilika kwa kubadilika barabara, shuku tairi. Tairi iliyolika vibaya huvuma kama difu mbovu, na wengi wamedanganyika. Sauti ya difu haijali barabara.

Shahidi wa pili ni kikanyagio cha mafuta. Sikiliza gari likivuta mlima, kisha ondoa mguu, liache literemke likiwa katika gia. Mvumo unaotokea wakati wa kuvuta na kukoma wakati wa kuachia, au kinyume chake, hutoka aghalabu kwenye pinioni na krauni, ama kwenye beringi za pinioni. Mvumo usiojali kuvuta wala kuachia, bali hufuata mwendo wa gari tu, waelekea kuwa wa beringi ya gurudumu, au wa tairi.

Shahidi wa tatu ni kona. Sauti isiyosikika ila katika kona, kama ya kusaga, hutushukisha zile gia ndogo za katikati. Lakini mvumo uliopo siku zote, nao ukazidi gari linapopinda kushoto, hutuelekeza kwenye beringi ya kulia, kwa sababu uzito wa gari huegemea upande wa nje wa kona. Ukizidi kwa kupinda kulia, tazama kushoto.

Shahidi wa nne ni hesabu ya vishindo. Kishindo kimoja kwa kila mzunguko wa gurudumu ni cha gurudumu lenyewe, au cha jino la krauni lililovunjika. Vishindo karibu vitano kwa kila mzunguko hutoka kwenye pinioni au propela. Na kishindo kimoja tu, mfano wa pigo la nyundo, wakati wa kuondoka au kubadili gia, hutoka mara nyingi kwenye krosi za propela zilizolika, au boliti za springi zilizolegea. Hayo yote hukaguliwa bila kuifungua difu.

Mimi niliwasikiliza mashahidi hao kwa kuchelewa, katika barabara ya Mombo kwenda Lushoto. Barabara ile ni shule kamili, kwa kuwa ina mlima wa kuvuta, mteremko wa kuachia, na kona za kushoto na kulia zisizokwisha. Nilipopanda mvumo ulikuwepo, nilipoteremka ulikuwepo vile vile, na kila kona ya kushoto ulizidi. Nilipofika chini niliyagusa magurudumu ya nyuma kwa tahadhari. La kushoto lilikuwa vuguvugu. La kulia liliniunguza kidole. Ilikuwa beringi ya gurudumu la kulia. Bei yake haikufika sehemu ya kumi ya deni langu.

Baada ya mashahidi kuna hati, nayo ni mafuta ya difu. Yamwage katika chombo safi, uyatazame kwenye mwanga. Vumbi laini la chuma lililoshikamana na sumaku ni la kawaida katika gari la miaka mingi. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole si vya kawaida. Hapo difu ifunguliwe bila kukawia. Mafuta meupe kama maziwa yameingiliwa na maji, labda kwa kuvuka mto. Na mafuta yakiwa pungufu, jaza kwanza, tafuta yanapovujia, kisha usikilize tena.

Sasa nasema neno zito kuliko yote. Katika Land Rover hizi breki ya mkono haishiki magurudumu. Hushika shafti inayotoka nyuma ya gia boksi. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, breki huishikilia propela, lakini difu huliacha gurudumu lililo chini liende mbele, huku lililo juu likizunguka nyuma. Gari linaondoka, na breki imevutwa! Nilimwona kwa macho yangu kijana, mwanafunzi wa fundi, akivuta mguu wake gari likianguka kutoka kwenye jeki. Kiatu chake kilibaki chini. Kwa hiyo wekeni kabari mbele na nyuma ya magurudumu yaliyo chini, tena pahali pa tambarare, na mtu asiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake.

Ndugu zangu, sikuyasema haya ili tuwadharau mafundi. Fundi mwema hufurahi kupata mwenye gari awezaye kumwambia, "Huvuma kuanzia mwendo wa kilometa 50, hujali kona wala haujali mlima." Maneno hayo machache humwokolea siku nzima, nasi hutuokolea mkopo. Wala tusipuuze sauti kwa kuwa gari bado laenda. Beringi iliyoachwa ivume mpaka ivunjike yaweza kuliondoa gurudumu barabarani, na ndani ya gari huwa mna watoto wetu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi kila mwenye gari na awe na daftari dogo, aandike siku, mwendo, mahali na namna ya sauti aliyoisikia. Sisi tuliozoea majalada hatushindwi na hilo.

 Aliye na swali na aulize, na aliye na gari linalovuma, kesho asubuhi nipo tayari kupanda naye tukalisikilize pamoja.