Hazina Katika Shamba la Watu Wote

Dominika ya 17 ya Mwaka A
Injili: Mathayo 13:44-52



Tunawasalimu popote mlipo asubuhi hii: ninyi mliorudi kutoka Misa ya kwanza, ninyi mlio wagonjwa vitandani, na ninyi mnaogeuza kahawa mikekani huku redio ikining'inia kwenye tawi la mti. Twajua kwamba kabla ya sauti yetu redio hiyo ilikuwa ikiwaletea muziki, na kwamba tutakapomaliza itawaletea muziki tena. Hatuoni vibaya. Leo twataka kusema nanyi juu ya muziki huo, na juu ya vitabu na filamu, mambo ambayo sisi mapadre mara nyingi huyataja mimbarini kwa kuyakemea tu.

Bwana wetu anatusimulia habari za mtu aliyekuta hazina imefichwa shambani. Tuangalie kwa makini mahali penyewe. Hazina haikuwa hekaluni, wala haikuwa katika sinagogi. Ilikuwa katika udongo, mahali pa jembe na jasho, tena katika shamba la mtu mwingine. Yaelekea mtu yule alikuwa kibarua tu, akilima ili apate ujira wa siku. Naye alipoiona hazina hakuichomoa akaenda zake. Aliifukia tena, akauza vyote alivyokuwa navyo, akanunua shamba zima, pamoja na mawe yake na magugu yake.

Ndugu wapendwa, hapa hatuna budi kuungama mbele yenu. Katika miaka ya mwanzo ya upadre wetu tulimkuta mtumishi wa altare mmoja nyuma ya sakristia, anasoma kitabu cha hadithi wakati wenzake wanafanya mazoezi ya liturujia. Tulimnyang'anya. Kilikuwa kitabu kinene, kimechakaa, jalada lake limeshonwa kwa uzi. Tukamwambia asome maisha ya watakatifu. Kitabu tukakitia kabatini, na kikakaa humo miaka mingi bila sisi kukifunua hata ukurasa mmoja. Jina lake Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, na mtungaji wake ni Aniceti Kitereza wa Ukerewe.

Laiti tungalijua ni kitu gani tulichokifungia kabatini! Kitereza alisomea Rubya, kule Muleba katika mkoa wetu huu, seminari ile ile ambayo baadaye ilimlea Kardinali Laurean Rugambwa. Alikaa Rubya miaka mingi, akajifunza Kilatini na elimu nyingine za wakati ule, lakini hakupadrishwa. Alirudi kwao, akamwoa Anna, akaifanyia misheni ya Kagunguli kazi ya kutafsiri. Watoto wao walikufa wangali wachanga. Mwaka 1945 alimaliza kuandika kitabu chake kwa Kikerewe. Hakikupata mchapishaji. Akiwa mzee alikigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, na hatimaye kikachapishwa Dar es Salaam mwaka 1980, miaka 35 baada ya kukamilika. Mwaka uliofuata, 1981, Kitereza akafariki dunia.

Siku tulipokifungua kitabu hicho, kwa sababu ya mvua iliyotuzuia kwenda kigangoni, tulikisoma hadi usiku. Ni habari ya mume na mke wasio na mtoto, katika Ukerewe ya kale, kabla ya wageni na kabla ya misheni. Ndugu wa mume wanamtukana mke kwa ugumba wake, na wazazi wake wanakuja kumchukua. Myombekere anabaki na nyumba tupu. Hataki mke mwingine. Anakwenda ukweni kuomba arudishiwe Bugonoka wake, na wakwe wanamtoza pombe ya ndizi, naye anarudi nyumbani kuitafuta kwa taabu kubwa. Baadaye wanapata mtoto wa kiume, Ntulanalwo, ambaye jina lake ni kilio cha mtu anayeishi na kifo mlangoni. Kisha binti, Bulihwali, ambaye jina lake lauliza huzuni itakwisha lini. Aliyeyachagua majina hayo alikuwa baba aliyezika watoto wake mwenyewe. Mzaburi naye aliuliza vivyo hivyo, tena mara nyingi.

Katika kitabu hicho chote hamna padre, hamna msalaba, hamna mahubiri. Aliyekiandika ni mkristo aliyelelewa seminarini, ambaye angaliweza kuingiza mafundisho katika kila sura. Aliwaacha watu wake wanywe pombe yao, waende kwa waganga wao, wazungumze kwa heshima zao za kale. Aliamini kwamba Mungu hakuanza kuwapenda Wakerewe siku ile misheni ilipofika.

Tulikiazima kitabu hicho kwa binti mmoja wa sekondari, aliyekuwa akikaa likizo kwa baba yake mdogo, katika kigango kimoja upande wa Kyerwa. Sasa tutawaeleza jambo ambalo mwenye nyumba ile alituruhusu kulisema, mradi tusimtaje jina. Hayakuwa maungamo, aliyasema barazani kwake, mbele ya watu.

Mtu huyo alikuwa na ndoa ya miaka kumi, bila mtoto. Maneno ya ndugu yalimchosha, na siku moja akampeleka mkewe kwa wazazi wake, eti akapumzike. Kila mtu alielewa maana ya mapumziko hayo. Sisi tulimwendea mara mbili pamoja na katekista. Tulimfundisha juu ya sakramenti ya ndoa na kifungo chake kisichofunguliwa, tukanukuu na vifungu vya Maandiko. Alitusikiliza kwa adabu, akatupa kahawa ya kutafuna kama ilivyo desturi yetu, akatusindikiza mpaka barabarani. Hakufanya lolote.

Jioni za likizo binti yule alikuwa akisoma kwa sauti, kwa mwanga wa taa ya sola, bibi yake akipukuchua maharage na kusikiliza. Mwenye nyumba alijifanya hasikilizi. Walipofika mahali ambapo Myombekere anakwenda ukweni na kukaa mbele ya baba mkwe, akiwa hajui atajibiwa nini, mwenye nyumba alisema, "Mwanangu, ishia hapo," akatoka nje. Bibi alimwambia mjukuu wake aweke alama pale walipofikia.

Juma lililofuata alikata ndizi za pombe, akazivundika shimoni, akazikamua, akatia mtama, akangoja. Kisha akapakia madumu mawili ya rubisi kwenye pikipiki, akaenda kwa wakwe zake, safari ya saa mbili. Baba mkwe alimwuliza kwa mshangao ni nani aliyemfundisha kuja kwa namna ile ya wazee. Akajibu, "Ni Mkerewe mmoja, baba."

Tulipomwuliza kwa nini maneno yetu hayakumsogeza hata hatua moja, alitujibu maneno ambayo hatujayasahau: "Padre, ninyi mlinieleza sheria, nami sheria nilikuwa ninaijua. Yule mtu wa kitabuni alikuwa na haya kama zangu, lakini alikwenda."

Wapendwa wasikilizaji, tulitafakari jibu hilo kwa muda mrefu, wala hatutaficha kwamba lilituuma kidogo. Je, Kristo hakuwamo katika mafundisho yetu? Alikuwamo. Lakini mtu yule hakukosa mafundisho. Alikosa moyo wa kutenda, na Mungu akamletea moyo huo kwa njia ya Myombekere, mtu asiyebatizwa, tena wa kubuniwa. Mtume Paulo aliposimama Areopago mbele ya watu wa Athene hakuona haya kuwatajia washairi wao wenyewe. Mtakatifu Yustino, shahidi wa karne ya pili, alifundisha kwamba mbegu za Neno zimetawanyika hata kwa wale wasiomjua Kristo, na Mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano wakalirudia fundisho hilo. Hayati Papa Fransisko, ambaye katika ujana wake alifundisha fasihi shuleni kwao Argentina, aliandika barua mwezi Julai mwaka 2024 juu ya faida ya kusoma riwaya na mashairi. Alianza kwa kuwafikiria mapadre, kisha akaona inawafaa wakristo wote. Tulipoisoma barua hiyo tulikumbuka kabati letu.

Wengine watatuuliza: basi kila kitu ni sawa, mradi kinagusa moyo? Sivyo. Katika Injili hii hii Bwana anasema juu ya wavu uliokusanya samaki wa kila aina. Wavuvi wanauvuta mpaka pwani, wanaketi, ndipo wanachagua. Zingatieni kwamba wanaketi. Kuchagua kwahitaji utulivu, na wengi wetu tunachagua tukiwa tumesimama, kwa kutazama jina lililoandikwa juu. Zipo nyimbo siku hizi zinazotaja jina la Yesu katika kila ubeti, na ndani yake hamna kitu ila kuombea aibu ya jirani na kushangilia maanguko ya adui. Na zipo nyimbo zisizo na neno la dini hata moja ambazo baada ya kuzisikia mtu humkumbuka mama yake mzee na kumpelekea sukari. Wazee wetu wa Karagwe walikesha usiku kucha wakimsikiliza mpiga enanga akiwasimulia mashujaa wao, na wengi wanaotukumbusha hayo hutoa machozi. Je, tuwaambie kwamba machozi hayo ni dhambi? Saida Karoli alipoanza kusikika nchi nzima mwanzoni mwa miaka ya 2000, waliosisimkwa ni watu wengi wasiojua neno moja la Kihaya. Sisi hatudai kwamba hizo zilikuwa nyimbo za dini. Twasema tu kwamba furaha ni ya Mungu.

Kuhusu filamu tutasema machache. Wakati fulani tuliingia katika banda la video pale Omurushaka, tukiwatafuta vijana waliotoroka mafundisho ya kipaimara. Walishtuka sana! Tulilipa kiingilio, tukaketi nao. Nyingi ya zile bunduki zilikuwa upuuzi, na mahali ambapo mwanamke anapigwa na watazamaji wanacheka, hapo tuliwakemea, na hata leo tungewakemea. Ni samaki wa kutupwa. Lakini kuna mahali askari mmoja anarudi kumchukua mwenzake aliyejeruhiwa, na banda zima likanyamaza. Tulipotoka, mmoja akatuuliza, "Padre, angerudi kama angejua kwamba atakufa?" Dominika iliyofuata tuliacha somo tulilokuwa tumeandaa, tukajibu swali hilo kwa sura ya 15 ya Yohane. Hakuna aliyetoroka.

Bwana anamalizia kwa mfano wa mwenye nyumba anayetoa katika hazina yake vitu vipya na vya kale. Kwa hiyo tunawaomba ninyi wazazi, mtoto anaposoma kitabu asichotumwa na mwalimu, msimwulize kwanza kama ni cha dini. Mwambieni awasomee ukurasa mmoja.

Yule mtumishi wa altare sasa ni mwalimu, mwenye watoto wake. Tulimtafuta tukamwomba radhi, akacheka sana, akasema alikuwa ameazima kitabu kile kwa mjomba wake na alichapwa kwa kukipoteza. Tukamwahidi kumrudishia. Alipopata habari za watu wale wa Kyerwa alikataa, akasema kikae huko.

Kiko huko hadi leo. Tulipopita mwezi uliopita kubariki nyumba, tulikiona rafuni, kando ya Biblia na rozari. Mtoto bado hawajapata. Mke ndiye anayesoma sasa jioni, mume anasikiliza bila kujificha, na mama mzee anadai asirukiwe hata ukurasa mmoja. Walikuwa wamefika mahali ambapo Bulihwali anazaliwa.

Tumsifu Yesu Kristo.