Majina Ndani ya Picha: Kuweka digiKam kwenye Kompyuta ya Mezani



Hapa Lundo, kama kote mwambao wa Nyasa, picha za jamii yetu zinaishi kwenye simu. Ngoma ya mganda ya sikukuu, akina mama wa ngoma ya kioda, samaki wadogo wa usipa walioanikwa mchangani, msingi wa darasa jipya: zote zimepigwa, zikarushwa WhatsApp, na huko zikapungua ubora na kupoteza tarehe ya kupigwa. Simu ikidumbukia ziwani, zimekwenda. Hata zinazosalia hazina majina. Mzee anayewatambua wachezaji wa safu ya mbele akitutoka, tunabaki na nyuso tu.

Napendekeza digiKam, programu huria iliyoanza mwaka 2001. Haina malipo, na hutumika kwenye Linux, Windows na macOS. Faili la kuiweka kwenye Windows linazidi megabaiti 100, kwa hiyo lipakue mara moja penye mtandao mzuri, Mbamba Bay au Mbinga mjini, ulibebe kwa flashi. Lichukue kwenye tovuti ya digiKam yenyewe, maana programu za kuokota huja na virusi. Wenye Ubuntu wataikuta kwenye ghala la programu la mfumo wao.

Kwanza tengeneza folda moja ya picha, ndani yake folda za miaka. Hamisha picha kutoka kwenye simu kwa waya.

Ukiifungua mara ya kwanza, programu itauliza picha ziko wapi na hifadhidata ikae wapi. Hifadhidata iweke kwenye diski ya ndani, si kwenye flashi. Kisha huja swali ambalo wengi hulipita kwa kubofya tu: maelezo yaandikwe ndani ya mafaili ya picha au la? Jibu ndiyo. Majina yakibaki kwenye hifadhidata peke yake, diski ikifa yanakufa nayo. Yakiandikwa ndani ya faili, kila nakala inaondoka nayo. Baadaye ingia kwenye mipangilio ya metadata, yaani maelezo yaliyoandikwa ndani ya faili, uhakikishe kwamba maelezo, lebo na majina ya nyuso vimewekewa alama ya vema.

Programu hutambua nyuso ndani ya kompyuta yenyewe bila kutuma picha nje, ingawa mwanzoni hupakua mafaili ya kazi hiyo. Kwa kuyaandika majina, mimi ningeanza na wazee. Mketishe bibi mbele ya kioo cha kompyuta, muulize huyu ni nani, mtoto wa nani, ngoma ilichezwa wapi, uandike hapo hapo.

Lakini jina lililo ndani ya faili husafiri na picha. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Picha za wanafunzi na wagonjwa ziombewe ridhaa, na nakala inayotoka nje ifutwe metadata kwanza, kazi ambayo digiKam huifanya kwa picha nyingi kwa pamoja.

Nakala kamili ya folda iwe kwenye diski ya nje, itunzwe nyumba nyingine, na mtu mmoja atajwe leo kuwa mtunzaji wake.