Dakika Ishirini za Kwanza: Mhadhara Kuhusu Mazoezi ya Mpira kwa Watoto wa Tunduma

Katika viwanja vyetu, kuanzia Vwawa hadi mpakani Tunduma, ipo imani ambayo haijawahi kudaiwa ushahidi: kwamba mtoto atafutiwe pumzi kwanza, mpira atapewa baadaye. Ndiyo maana mazoezi huanza kwa mizunguko mitano ya uwanja, kisha watoto hukaa chini kunyoosha viungo huku wakihesabiwa moja hadi kumi, kisha hupangwa foleni mbili zinazotazamana wapigiane pasi, na mwisho mechi, jua likiruhusu. Mizizi ya desturi hiyo mnaijua: mchakamchaka wa shuleni na nidhamu yake ya asubuhi. Siudharau mchakamchaka. Ninachokataa ni kuuita maandalizi ya mpira wa miguu.

Watetezi wa pumzi hupenda kutukumbusha Aprili 2019, Serengeti Boys walipocheza AFCON ya vijana chini ya miaka 17 nyumbani, Dar es Salaam: 4–5 na Nigeria, 0–3 na Uganda, 2–4 na Angola. Mabao 12 katika mechi tatu, wanasema, hufungwa vijana walioishiwa pumzi. Lakini mwaka 2017, kule Gabon, timu ya umri uleule ilitoka 0–0 na Mali, ikaifunga Angola 2–1, ikafungwa na Niger bao moja tu. Desturi ya mizunguko haikuzaliwa wala kufa kati ya mashindano hayo mawili, na kisichobadilika hakiwezi kueleza kilichobadilika. Anayetaka kuitetea mizunguko atafute shahidi mwingine.

Tuipige hesabu yenyewe. Uwanja wa mita 100 kwa 60 una mzingo wa mita 320, kwa hiyo mizunguko mitano ni mita 1,600. Kundi la watoto wa miaka 12 litatumia kama dakika kumi, na kunyoosha viungo kutakula kumi nyingine. Katika mazoezi ya dakika 75, zaidi ya robo imekwisha na hakuna aliyegusa mpira. Na wamefanya nini? Wamekimbia kwa mwendo mmoja, mbele tu, kila mtu peke yake, ilhali mchezo wanaoandaliwa ni wa kusimama ghafla, kugeuka, kuruka na kugongana mabega. Goti huumia wakati wa kugeuka na kutua. Kuhusu kunyoosha viungo nitasema kidogo tu: utafiti uliochapishwa mwaka 2000 uliwafuatilia kuruta 1,538 wa jeshi la Australia, na waliojinyoosha kabla ya mazoezi hawakuepuka majeraha kuliko wenzao.

Shahidi wangu mkuu ni utafiti wa Norway uliotoka katika jarida la BMJ mwaka 2008, na naomba mnivumilie nikikaa nao. Vilabu 125 viligawanywa kwa bahati nasibu. Wasichana 1,892 wa miaka 13 hadi 17 wakafuatiliwa msimu mzima. Vilabu vya upande mmoja viliendelea na desturi zao. Vya upande wa pili vilipasha misuli moto kwa mpango wa dakika 20 ambao leo unajulikana kama FIFA 11+: dakika nane za kukimbia, kumi za nguvu, mizani na miruko, na mbili za mwisho za kukimbia kwa kasi na kukata kona. Majeraha kwa jumla yalipungua kwa karibu theluthi, na yale mabaya kwa karibu nusu. Uungwana wa kitaaluma unanidai niongeze kwamba kigezo kikuu walichojiwekea watafiti wenyewe, yaani majeraha ya miguu, kilishuka bila kufikia uhakika wa kitakwimu. Hata hivyo, mwaka 2018 mpango wa watoto wa miaka 7 hadi 13 ulipopimwa katika nchi nne za Ulaya, majeraha yalipungua tena kwa karibu nusu. Viwanja vyao ni vya nyasi na vyetu ni vya vumbi, lakini goti la mtoto halibadiliki kwa kuvuka mpaka.

“Kumbe hata wao wanakimbia!” Wanakimbia, ndiyo, lakini someni wanavyokimbia: wawili wawili, kwa umbali mfupi, wakifungua na kufunga nyonga, wakizungukana, wakiruka na kugusana mabega, wakirudi kinyumenyume. Pingamizi zito zaidi ni kwamba mpango huo karibu hauna mpira kabisa, wakati mimi ninataka mpira utoke kwenye mfuko dakika ya kwanza. Nakubali kwamba ushahidi wangu haunifikishi huko. Msimamo wangu unabaki palepale: miruko na mageuzi yafanyike, mpira ukiwa mguuni kila inapowezekana, kwa sababu mtoto aliyekuja kucheza akilishwa mizunguko kila siku, siku ya nne haji.

Sasa pasi. Watoto 24 katika foleni mbili zenye mpira mmoja, kila pasi ikichukua sekunde tatu, hupata pasi 12 au 13 kila mmoja kwa robo saa. Mji unaoishi na foleni za malori usiwafundishe watoto wake kusubiri zamu hata kwenye mpira. Wagawe sita sita, kila kundi na mpira wake, na kila mtoto anapata pasi 50. Mpinzani makini atasema kwamba foleni fupi za watatu watatu nazo zinatoa 50. Kweli, na hapo hesabu inakoma. Tofauti inaletwa na mtoto anayewekwa kati kuuwinda mpira huku watano wakimzungushia. Kwenye foleni, mpigaji anajua pasi inakwenda wapi kabla mpira haujamfikia. Penye mwindaji lazima ainue kichwa achague. Mwaka 1979 Shea na Morgan, kwa jaribio la mikono lisilohusu soka kabisa, walionyesha kwamba wanaojifunza kwa kuchanganya vitendo hufanya vibaya siku ya mazoezi, lakini baada ya siku kumi huwapita waliorudia kitendo kimoja. Kocha akiona pasi zinapotea kwenye mchezo wa kati, asikimbilie kurudisha foleni.

Mipira minne itatoka wapi? Chandimu ya matambara na kamba inatosha kwa mchezo wa kati, hasa kwa watoto wadogo. Muda nao tunao: jua la Tunduma huzama karibu nusu saa baada ya lile la Dar es Salaam, hivyo mazoezi yanayoanza saa 10 na nusu alasiri yanakwisha saa 12 kasorobo bado kweupe, mwezi wowote. Mvua za Novemba hadi Aprili zikigeuza uwanja kuwa tope, mizunguko haiwezekani, na makocha wengi huahirisha. Mchezo wa kati unataka mita nane kwa nane. Makundi manne yanaenea kwenye kona moja iliyokauka, na matofali yanatosha kuweka mipaka.